Huruma iliyopita kipimo: Tuwatazame upya paka wetu wanene

Paka ana nafasi ya pekee katika nyumba za Waislamu. Huingia na kutoka bila kubisha, hukanyaga mkeka na zulia, hulala ubavuni mwa mtoto, wala hapana anayeona karaha akimkuta amenywa katika chombo cha maji. Msingi wa desturi hiyo unafahamika. Sahaba Abu Qatada (Radhi za Allah ziwe juu yake) aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, kisha akaeleza kwamba Mtume (Rehema na Amani zimshukie) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wahenga wa mwambao nao walisema kwa ufupi: paka wa nyumba haingwa.

Leo hii, hata hivyo, katika nyumba nyingi za mijini limezuka jambo ambalo wazee wetu hawakulihofu. Paka amenenepa kupita kiasi. Tumbo linakaribia sakafu, shingo imemezwa na mabega, na akitaka kupanda kitini hutazama juu kwanza, akapima, kisha akaghairi. Wenye nyumba humcheka kwa mapenzi, wakampiga picha, wakasema nyumba hii ina neema. Wageni nao humpapasa na kumsifu.

Makala haya yanakusudia kusema kinyume cha sifa hizo. Unene uliopita kiasi kwa paka si pambo wala si dalili ya matunzo mema. Ni hali ya maradhi, na humtesa mnyama ambaye hana ulimi wa kulalamika. Aidha, mnyama aliyefungiwa ndani hali ila kile anachopewa. Kwa hiyo mwenye mkono unaojaza bakuli ndiye mwenye dhamana, likipungua na likizidi.

Kwa nini paka wa leo ananenepa

Zamani paka wa nyumba alikuwa na kazi. Alilinda ghala, jiko na dari dhidi ya panya. Alipita uani, juu ya ukuta na kwenye mapaa ya majirani, na chakula alichotupiwa kilikuwa nyongeza tu ya alichowinda mwenyewe. Panya mdogo mmoja humpa paka takriban kalori 30. Kwa hiyo paka wa kawaida anayejitegemea alihitaji kukamata windo dogo mara saba au nane kwa usiku na mchana, na kila windo lilimgharimu kuvizia, kuruka, kukosa na kuanza upya. Mwili wake umeumbwa kwa maisha hayo ya milo midogo mingi yenye jasho ndani yake.

Tumtazame sasa paka wa ghorofani Upanga au Kariakoo, au wa nyumba ya kupanga Mombasa. Mlango umefungwa kwa usalama wake, dirisha lina wavu, panya hakuna, na bakuli limejaa tangu alfajiri. Chakula kikavu cha dukani anachopewa kina nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Aghalabu gramu 100 huwa na kalori kati ya 350 na 400. Paka wa kilo 4 anayeishi ndani huhitaji takriban kalori 200 hadi 250 tu kwa siku, yaani gramu 50 hadi 65 za chakula hicho. Ukizimimina katika kiganja utaona ni kidogo sana, na ndiyo maana wengi wetu huongeza mara mbili bila kujua.

Sababu ya pili ni mikono mingi. Mama humpa kipande cha samaki anapoparua magamba. Watoto humdondoshea nyama mkekani. Bibi humtilia maziwa katika kisosi, na dada wa kazi humjazia bakuli akiamini hajala. Kila mmoja ametoa kidogo na kwa nia njema, wala hapana ajuaye jumla. Hapo ndipo hesabu inapopotea. Kikombe kimoja cha maziwa yenye mafuta yake kina takriban kalori 150, zaidi ya nusu ya riziki ya paka kwa siku nzima. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, ambacho huishia katika mabaki ya mchuzi na samaki wa kukaanga, kina takriban kalori 120. Mwezi wa Ramadhani jambo hili huzidi, kwani paka huhudhuria futari na daku, na kila sinia hupata fungu lake.

Sababu ya tatu ni mabadiliko ya mwili baada ya paka kuhasiwa au kufungwa kizazi. Hukumu ya jambo hilo wanazuoni wameijadili, na si mada yetu hapa. Tunachotaka kifahamike ni athari yake: mahitaji ya chakula hupungua, pengine kwa robo nzima, ilhali hamu ya kula huongezeka. Paka huyo akiendelea kupewa kipimo cha zamani, atanenepa hata kama hakuna aliyemwongezea kitu.

Ipo pia sababu ya aina ya chakula. Methali yetu ya zamani inasema, paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Wasemaji wa methali hiyo waliona kwa macho yao jambo ambalo elimu ya wanyama imelithibitisha. Paka ni mla nyama hasa. Miongoni mwa virutubisho asivyoweza kuishi bila kuvipata kutoka kwenye nyama na samaki ni taurini, ambayo ikikosekana kwa muda mrefu, macho yake hupofuka na misuli ya moyo wake hudhoofika. Paka anayelishwa wali au ugali uliochanganywa na mchuzi anaweza kujaza tumbo, akanenepa, na wakati huohuo mwili wake ukawa na njaa ya kitu kingine kabisa. Unene si ushahidi kwamba amelishwa vyema.

Jinsi ya kumtambua

Jicho la mwenye nyumba halitoshi. Anayemwona paka wake kila siku haoni anavyobadilika, kama mzazi asivyoona mtoto akirefuka. Manyoya nayo huficha mengi. Waganga wa wanyama hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9, ambapo 1 ni paka aliyekonda kabisa, 5 ni wa wastani, na 9 ni aliyenenepa kupindukia. Kila alama juu ya 5 hukadiriwa kuwa ni nyongeza ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito unaofaa. Kipimo hicho mwenye nyumba anaweza kukijaribu mwenyewe kwa macho na vidole.

Kwanza, mbavu. Mpapase paka ubavuni kwa vidole vilivyonyooka, taratibu, bila kumbinya. Kisha linganisha na mkono wako mwenyewe. Kunjua kiganja, upitishe kidole juu ya mgongo wa mkono: mifupa unaisikia chini ya tabaka jembamba la ngozi. Hivyo ndivyo mbavu za paka mwenye afya zinavyopaswa kusikika. Kunja ngumi upapase vifundo vyake: mbavu zikisikika hivyo, paka amekonda. Geuza kiganja upapase nyama ya chini ya kidole gumba: mbavu zikisikika hivyo, au zisipopatikana mpaka ubinye, paka amenenepa.

Pili, kiuno. Msimamie paka kwa juu anapokuwa wima. Nyuma ya mbavu, kabla ya nyonga, pawe na mbonyeo mdogo kila upande. Mwili ukiwa umenyooka kama gogo, uzito umezidi. Ukiwa umevimba nje kama mtungi, umezidi sana.

Tatu, tumbo. Mtazame kwa ubavu. Mstari wa tumbo wapaswa kupanda kidogo kuelekea miguu ya nyuma. Hapa tahadhari moja inahitajika. Paka wengi, hata wembamba, wana ngozi iliyolegea chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma, ambayo hupepea wanapokimbia. Ngozi hiyo ni maumbile yao na si kitambi. Ishike kwa vidole: ikiwa nyepesi na tupu, haina neno. Ikiwa nzito na imejaa, hayo ni mafuta.

Baada ya vidole huja mizani. Paka wengi wa kawaida wenye manyoya mafupi huwa na kilo 3 hadi 5, kwa kutegemea jinsi na umbo. Njia nyepesi ni mtu kujipima akiwa amempakata paka, kisha kujipima peke yake na kutoa tofauti. Mizani ya duka la nafaka hutoa jibu sahihi zaidi, paka akiwekwa ndani ya kikapu chenye kifuniko na uzito wa kikapu ukatolewa. Ili kuelewa uzito wa jambo lenyewe, tuchukue paka ambaye kilo zake zinazofaa ni 4, naye sasa ana 6. Kilo 2 zasikika kuwa ni kitu kidogo. Lakini ni sawa na mtu wa kilo 60 kutembea na kilo 90, usiku na mchana, bila pahali pa kuutua mzigo.

Zipo pia dalili za mwenendo. Paka haruki tena dirishani alipozoea kukaa. Hawezi kujilamba mgongo na sehemu za nyuma, hivyo manyoya ya karibu na mkia hushikamana, yakatoa mba au harufu. Hulala muda mrefu kuliko ada, na akicheza kidogo hutweta. Wengi huyahesabu haya kuwa ni uzee au uvivu, na kumbe ni mzigo.

Lakini si kila tumbo kubwa ni unene. Kipaka mwenye mbavu za kuonekana na tumbo lililotuna mara nyingi ana minyoo. Paka jike anaweza kuwa na mimba, nayo huchukua takriban miezi miwili. Tumbo lililojaa ghafla kwa siku chache laweza kuwa na maji yatokanayo na ugonjwa mzito. Katika hali zote hizo, kumpunguzia chakula ni kumwongezea balaa. Ndiyo maana kabla ya hatua yoyote, daktari wa mifugo amwone.

Anaumia vipi

Ugonjwa unaojulikana zaidi kwa paka wanene ni kisukari. Mafuta yanapozidi, mwili hushindwa kuitii insulini, na hatari ya kupata kisukari huongezeka mara kadhaa ukilinganisha na paka wa uzito wa kawaida. Dalili zake ni kunywa maji mengi, kukojoa sana, na kukonda huku akila vizuri. Hapo mwenye nyumba anaweza kufurahi kwamba paka hatimaye amepungua, kumbe ni ugonjwa umeingia. Habari njema ni kwamba paka anayetibiwa mapema na kupunguzwa uzito kwa utaratibu anaweza kufika mahali asihitaji tena sindano.

Viungo navyo huchakaa. Nyonga, magoti na viwiko hubeba uzito ambao havikuumbiwa, na maumivu hayo paka huyaficha kwa hulka yake. Hatalia, ataacha tu kuruka. Paka dume mnene asiyetembea wala kunywa maji ya kutosha yuko pia katika hatari zaidi ya matatizo ya njia ya mkojo. Akionekana anachuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, hiyo ni dharura ya saa, si ya kesho. Na siku atakapohitaji upasuaji wowote, dawa ya usingizi huwa na hatari kubwa zaidi kwake.

Juu ya umri wenyewe, ushahidi ulio wazi kabisa umetokana na mbwa, ambao baadhi ya familia huwafuga kwa ulinzi na mifugo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador katika maisha yao yote. Waliwekwa wawiliwawili, na katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Umri wa kati wa waliopunguziwa ulikuwa miaka 13. Wa wenzao ulikuwa miaka 11.2. Aidha, maumivu ya viungo yaliwachelewa waliokula kidogo. Tofauti hiyo ya karibu miaka miwili haikuletwa na dawa. Ililetwa na kipimo cha bakuli.

Asifungishwe kwa nguvu

Hapa tunaomba msomaji atulie, kwani ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote. Mwenye nyumba akishazinduka kwamba paka wake ni mnene, hamu ya kwanza ni kumnyima chakula siku mbili tatu apungue. Vilevile wapo wanaombadilishia chakula ghafla, naye akasusa, wao wakasema njaa itamrudisha. Jambo hili linaweza kumuua.

Paka hakuumbwa kama mwanadamu katika suala hili. Anapokaa bila kula kwa siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene, mwili humimina mafuta yake kuelekea kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuimudu. Ini hujaa mafuta, likashindwa kazi. Paka hukataa chakula kabisa, hutapika, huishiwa nguvu, na weupe wa macho, ufizi na ngozi ya ndani ya masikio hugeuka manjano. Bila matibabu ya haraka, wengi hufa. Kwa hiyo paka mnene aliyeacha kula kwa siku nzima asisubiriwe. Apelekwe kwa daktari.

Kasi iliyo salama ni ya kupungua kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya uzito kwa wiki. Paka wa kilo 6 akipungua gramu 60 katika wiki ya kwanza, amefanya vyema. Kwa mwendo huo wa asilimia 1, kumfikisha kilo 4 na nusu kutachukua miezi sita na nusu hadi saba. Muda huo ni mrefu, lakini unene nao haukuja kwa wiki moja.

Utaratibu wa nyumbani

Kwanza, daktari apime, athibitishe kwamba hakuna ugonjwa mwingine, na ataje uzito wa kulenga pamoja na kiasi cha chakula. Makadirio tuliyoyatoa juu ni ya kumweka paka mwenye afya katika uzito wake. Kipimo cha kumpunguza mnene ni kazi ya daktari.

Pili, nyumba iwe na kopo moja. Kila asubuhi mtu mmoja apime riziki ya paka ya siku nzima na kuitia humo. Anayetaka kumpa chochote, awe mtoto au bibi, achote kutoka kopo hilo tu. Likiisha, limeisha hadi kesho. Njia hii haimnyimi yeyote raha ya kumlisha paka, ila huirudisha hesabu mahali pake. Chakula kipimwe kwa mizani ya jikoni kila inapowezekana, kwa kuwa kikombe hudanganya. Anayejaza kwa mkono mwepesi na anayejaza kwa mkono mzito hutofautiana sana.

Tatu, kopo hilo ligawanywe katika milo midogo minne au mitano, badala ya bakuli linalokaa wazi mchana kutwa. Mlo mmoja uwe usiku kabla ya kulala, ili asiamshe nyumba kabla ya adhana.

Nne, anayepika chakula cha paka nyumbani ampe nyama, kuku au samaki aliyechemshwa bila chumvi, bila mafuta, na bila mifupa iliyopikwa, kwa kuwa mifupa hiyo hupasuka ikawa na ncha kali. Vitunguu maji na vitunguu saumu visiwemo kabisa. Huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hivyo mabaki ya mchuzi wetu yaliyokolea viungo hayamfai hata kwa kiasi kidogo. Wali na ugali vikiwemo, visiwe msingi wa mlo. Nyama peke yake nayo haina madini yote anayohitaji, na kwa hiyo anayetegemea chakula cha nyumbani tu amuulize daktari kinachopaswa kuongezwa. Maziwa si lazima. Paka wengi wazima hawawezi kuyameng'enya, yakawaharisha. Kinywaji chake ni maji safi, yabadilishwe kila siku.

Mabadiliko yoyote ya chakula yafanywe kwa siku saba hadi kumi, kipya kikiongezwa kidogo kidogo ndani ya cha zamani.

Tano, arudishiwe uwindaji wake. Funga unyoya au kitambaa kwenye kamba na umkimbizie kwa dakika tano au kumi, mara mbili kwa siku, kabla ya mlo na wakati jua limepoa. Kamba ifichwe baada ya mchezo asije akaimeza. Punje za chakula kikavu zinaweza kutiwa katika vishimo vya trei la mayai ili azitoe kwa ukucha, au kutawanywa vyumba mbalimbali azitafute. Watoto ndio wafaao kwa kazi hii, na humfaa paka kuliko vipande vya nyama wanavyomdondoshea.

Sita, subira juu ya kilio chake. Paka aliyezoea kupewa kila alipolia ataendelea kulia kwa siku kadhaa. Kilio hicho aghalabu ni cha mazoea, si cha njaa. Ajibiwe kwa kupapaswa au kuchezeshwa. Akipewa chakula siku ya tano baada ya kunyimwa siku nne, amefundishwa kwamba kulia kwa muda mrefu kunalipa.

Saba, apimwe kila baada ya wiki mbili na uzito uandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Asipopungua kwa mwezi mzima, daktari arekebishe kipimo. Akipungua upesi kuliko kasi tuliyoitaja, chakula kiongezwe. Nyumba yenye paka wawili iwalishe vyumba tofauti, kwani mnene huwahi kumaliza na kuhamia bakuli la mwenzake.

Amana yenye pande mbili

Habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka tumeisikia tangu madrasa. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Kosa lake lina sehemu mbili: hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia. Sehemu ya pili ndiyo inayotuhusu leo kwa namna mpya. Anayemfungia mnyama amemwondolea uwezo wa kujitafutia na kujiamulia, na tangu hapo yote yanayompata tumboni yanarudi kwa aliyefunga mlango. Wengi wetu tumeisoma habari hiyo kwa upande wa njaa tu. Lakini dini iliyotuhadharisha na israfu katika vyakula vyetu wenyewe haiwezi kudhaniwa kuridhia tumzidishie kiumbe dhaifu hadi ashindwe kutembea.

Pia tusisahau funzo linalowafikia watoto. Mtoto anayekua akiona upendo ni kujaza bakuli hujifunza upendo wa aina hiyo, naye ataufuata kwa wanawe na kwa nafsi yake. Mtoto anayekabidhiwa kopo la siku, akapima, akasubiri wakati wa mlo na kumchezesha paka jioni, amejifunza kwamba kutunza ni kazi yenye kipimo na subira.

Na kile kinachobaki baada ya bakuli kupunguzwa kina wenyewe. Historia ya Kairo inamtaja Sultani Baybars, aliyetawala Misri katika karne ya 13, kuwa aliweka bustani iwe wakfu kwa ajili ya kuwalisha paka wa mji. Hatuhitaji bustani kufanya mfano wa hilo. Nje ya milango yetu, katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa na Dar es Salaam, wapo paka ambao mbavu zao huhesabika kwa macho. Samaki wa ziada aliyekuwa akimdhuru wa ndani, akichemshwa bila chumvi na kutolewa mifupa, ni uhai kwa wa nje. Atengewe mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na pasafishwe baadaye ili jirani asikereke.

Jioni ya leo, basi, kila mwenye paka amwite, amweke mapajani, na apitishe vidole ubavuni mwake atafute mbavu. Asipozipata, kazi ianze kesho asubuhi, kwa kopo moja na kwa ushauri wa daktari. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana zake, kubwa na ndogo. Amin.